Kuonekana, Kuoana na Kuaminiwa: Mipangilio ya Bluetooth katika Mfumo wa Linux

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayerejea kutoka nyanjani aghalabu huwa amehifadhi ngano, nyimbo na mahojiano yake katika simu ya mkononi. Kazi ya kuyanukuu huanza pindi rekodi hizo zinapohamishwa hadi kwenye tarakilishi, na mojawapo ya njia za kuzihamisha bila waya ni Bluetooth. Makala hii inadhamiria kueleza jinsi mipangilio ya Bluetooth inavyofanywa katika Linux, ambao ni mfumo endeshi uliojengwa kwa kufuata misingi ya Unix. Hoja yetu kuu ni kwamba mipangilio hiyo imesimama juu ya vitenzi vinne: kuonekana, kuoana, kuaminiwa na kuunganishwa. Anayevichanganya vitenzi hivi anaweza kumfungulia mpita njia mlango wa amana aliyokabidhiwa na watambaji wake.

Usuli

Bluetooth ni mawasiliano ya redio ya masafa mafupi. Mnamo 1998, kampuni za Ericsson, Intel, IBM, Nokia na Toshiba ziliunda kundi la kusimamia kanuni zake. Jina lenyewe lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel, naye alilitoa kwa mfalme Harald Bluetooth aliyetawala Denmark katika karne ya 10 na ambaye anakumbukwa kwa kuwaunganisha watu. Mawimbi yake hutumia ukanda wa gigahezi 2.4, na vifaa vingi vya mkononi hufikiana katika umbali wa takriban mita 10. Umbali huu ni mfupi, ila katika bweni, maktaba au matatu, mita 10 zina watu wengi.

Katika Linux, kazi hii hutekelezwa na BlueZ, programu huria iliyotolewa mwaka wa 2001. Toleo lake la 5, lililotoka mwaka wa 2012, lilileta chombo kiitwacho bluetoothctl, ambacho mtumiaji hukiendesha kwa kuandika amri.

Maandalizi

Kabla ya jambo lolote, sharti huduma ya Bluetooth iwe inafanya kazi. Katika matoleo mengi ya Linux ya leo, msimamizi wa tarakilishi huiwasha kwa amri “systemctl start bluetooth”. Iwapo redio imefungwa, amri “rfkill list” itaonyesha hivyo, na “rfkill unblock bluetooth” itaifungua. Kisha mtumiaji huandika “bluetoothctl”, na ndani yake “power on”. Amri “show” humwonyesha hali ya tarakilishi yake: jina, anwani, na iwapo inaonekana na vifaa vingine au la.

Vitenzi vinne

Kwanza ni kuonekana. Amri “discoverable on” huifanya tarakilishi ijibu vifaa vinavyotafuta wenzao vilivyo karibu. Kwa kawaida, BlueZ huiruhusu ionekane kwa sekunde 180 tu, kisha huificha tena. Muda huu umewekwa katika faili “/etc/bluetooth/main.conf”, kwenye mstari wa DiscoverableTimeout. Msomaji atahadhari na tarakimu 0 katika mstari huu. Mtu anaweza kudhani kwamba sifuri ina maana ya kutoonekana kabisa, ilhali maana yake ni kuonekana bila kikomo.

Pili ni kuoana. Tarakilishi hutafuta simu kwa “scan on”, na kila kifaa kinachopatikana huorodheshwa pamoja na anwani yake, yenye jozi sita za tarakimu na herufi. Mtumiaji huandika “pair” na kuifuatisha anwani ya simu yake. Tarakimu sita zikijitokeza katika skrini zote mbili, ni wajibu wake kuzilinganisha kabla ya kukubali, kwani hapo ndipo anapothibitisha kwamba simu inayojibu ni yake. Ndoa hii ikishafungwa, kila upande huhifadhi ufunguo wa siri wanaoushiriki. Upande mmoja ukiufuta, sharti waoane upya.

Tatu ni kuaminiwa. Simu iliyooana na tarakilishi bado haijaaminiwa. Inapotaka huduma fulani, tarakilishi inaweza kumwomba mtumiaji idhini. Amri “trust” huondoa ombi hilo: simu itaingia bila kubisha hodi. Imani hii ni ya upande mmoja, maana tarakilishi inaweza kuiamini simu bila simu kuiamini tarakilishi.

Nne ni kuunganishwa, kwa amri “connect”. Huu ni uhusiano wa wakati huo tu. Ukikatizwa kwa “disconnect”, ndoa na imani husalia kama zilivyokuwa. Anayetaka kuondoa yote huandika “remove” pamoja na anwani ya kifaa.

Mnyambuliko na maana

Mwanafunzi wa isimu atatambua kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unazibainisha hali hizi bila kusukumwa. Onekana ni kauli ya kutendeka: kifaa kipo katika hali fulani, pasi na kutaja anayekiona. Oana ni kauli ya kutendana: hakuna anayeoana peke yake. Aminiwa ni kauli ya kutendwa, na tukisema “aminiana” mahali pake tutakuwa tumepotosha utendakazi wa mfumo. Unganishwa inadokeza kuwapo kwa mtu aliyetoa amri.

Hili si suala dogo kwa wafasiri wa programu. Mnamo 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice na kuthibitisha kwamba programu huria inaweza kuzungumza Kiswahili. Mfasiri atakayetumia neno “unganisha” kwa amri zote nne atakuwa amemnyima mtumiaji tofauti ambazo usalama wake unazitegemea.

Usalama wa amana

Mnamo 2004, kirusi kilichoitwa Cabir kilienea kati ya simu za Symbian zilizoachwa zikionekana. Hata hivyo, kujificha pekee hakutoshi. Mnamo Septemba 2017, kampuni ya Armis ilitangaza dosari zilizopewa jina BlueBorne, ambazo ziliathiri Linux pia. Ilitosha Bluetooth iwe imewashwa, hata kama kifaa hakionekani wala hakijaoana na kingine. Marekebisho yalitolewa, lakini humfaa tu anayesasisha mfumo wake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kila amri ina mipaka yake. Tunapendekeza kwamba mtafiti aiache tarakilishi ionekane kwa dakika chache tu, alinganishe tarakimu kabla ya kuoanisha, aitengee imani simu yake mwenyewe, na aandike “power off” akishamaliza. Katika tarakilishi ya maabara inayotumiwa na wengi, aandike “remove” kabla ya kuondoka, na aondoe pia nakala za rekodi zake. Bibi aliyekubali sauti yake inaswe alimwamini mtafiti, wala hakuwaamini wote walio katika umbali wa mita 10.