Hesabu ya Sehemu: Jinsi ya Kujua Jumla Kutokana na Kilichobaki

Mara nyingi mkutano wa kikundi huenda vizuri mpaka mweka hazina asimame kusoma hesabu. Akisema, "Tuliuza thuluthi, tukagawa robo, na haya ndiyo yaliyobaki," minong'ono huanza. Yalikuwa mangapi hapo mwanzo? Na kama ukurasa ule wa daftari haukujazwa, nani anajua?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata ukurasa ukikosekana, jumla yaweza kupatikana, mradi tukumbuke sehemu zilizotumika na tuhesabu kilichobaki. Hebu tuone jinsi gani.

Mfano wa magunia

Kikundi kilivuna mahindi ya shamba la pamoja. Thuluthi moja ya mavuno iliuzwa ili kununua mbolea. Robo ya mavuno iligawiwa wanachama. Kwenye stoo kumebaki magunia 15. Je, walivuna magunia mangapi?

1. Kitu msichokijua kipeni jina. Tuseme mavuno yote ni m.

2. Andikeni habari yote kwa mstari mmoja:
m − m/3 − m/4 = 15
Huu huitwa mlinganyo. Ni kama mizani ya dukani: pande zote mbili zina uzito sawa. Ukifanya jambo upande huu, lifanye na upande ule.

3. Ondoeni sehemu. Tafuteni namba inayogawanyika kwa 3 na kwa 4 bila kubaki kitu. Namba hiyo ni 12. Zidisheni kila kitu kwa 12. Wengi husahau kuizidisha ile 15, na hapo ndipo hesabu hupotea:
12m − 4m − 3m = 180

4. Malizeni. 5m = 180, kwa hivyo m = 36.

5. Hakikisheni. Thuluthi ya 36 ni 12. Robo ya 36 ni 9. Jumlisha 12, 9 na 15, unapata 36. Sawa kabisa.

Robo ya nini?

Sasa tubadilishe neno moja tu. Tuseme waliuza thuluthi, halafu wakagawa robo ya yale yaliyobaki. Baada ya kuuza, kulibaki 2m/3. Robo yake ni m/6. Mlinganyo unakuwa:
m − m/3 − m/6 = 15
Zidisheni kwa 6: 6m − 2m − m = 90. Yaani 3m = 90, na m = 30.

Hakikisheni: waliuza 10, wakabaki na 20. Robo ya 20 ni 5, ikagawiwa. Zikabaki 15.

Mnaona? Jibu la kwanza ni 36, la pili ni 30. Mwanachama aliyeelewa "robo ya mavuno" atasema magunia sita yameibwa, na kumbe hakuna aliyechukua hata debe moja. Mweka hazina ataitwa mwizi, na kikundi kitavunjika bure. Kwa hivyo katibu asiandike "robo" peke yake kwenye kumbukumbu za mkutano. Aandike ni robo ya nini.

Mkopo na riba

Mama mmoja alikopa kwa kikundi. Amerudisha shilingi 6,600, ikiwa ni mkopo pamoja na riba ya sehemu moja ya kumi. Alikopa pesa ngapi?

Wengine watachukua sehemu ya kumi ya 6,600, yaani 660, waiondoe, wapate 5,940. Hapana! Riba ilihesabiwa kwa mkopo, haikuhesabiwa kwa pesa zilizorudishwa. Mkopo tuuite p:
p + p/10 = 6,600
Zidisheni kwa 10: 11p = 66,000. Kwa hivyo p = 6,000. Hakikisheni: sehemu ya kumi ya 6,000 ni 600, na jumla ni 6,600.

Si hesabu ya wageni

Wengine husema aljebra ni ya watoto wa sekondari. Lakini huko Misri, hapa hapa Afrika, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, karani aitwaye Ahmes aliandika maswali kama haya kwenye mafunjo. Swali lake moja lauliza: kiasi fulani kikijumlishwa na robo yake ni 15, je, kiasi hicho ni kipi? (Jibu ni 12.) Nalo neno aljebra limetoka kwa Kiarabu, katika kitabu cha al-Khwarizmi aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake. Ndiyo kazi tunayoifanya hapa.

Jaribuni wenyewe

Kikundi kilitumia nusu ya pesa zake kununua vifaranga, na sehemu moja ya tano ya pesa zote kununua chakula cha kuku. Zimebaki shilingi 4,500. Walikuwa na pesa ngapi?

Katika mkutano ujao, watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe mbele ya wote. Wakitofautiana, msiulize kwanza nani amekula pesa. Ulizeni kwanza: ilikuwa sehemu ya nini?

(Jibu: shilingi 15,000. Vifaranga 7,500, chakula 3,000, zilizobaki 4,500.)