Pikipiki ya babu, taa kama kibatari

Kila Jumanne na Alhamisi humfuata binti yangu kwenye masomo ya ziada. Anatoka saa moja na nusu usiku, na usafiri wetu ni Honda CG125 aliyoiacha marehemu baba, zile za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zinazotumia volti 6. Mwezi uliopita, tukiwa kwenye barabara ya vumbi, alinipiga begani: “Baba, mbele kuna mtu!” Alikuwa mzee anasukuma baiskeli. Nilimwona tukiwa tumebakiza kama hatua tano.

Mama watoto hakubishana. Alisema tu kwamba mtoto hapandi tena hiyo pikipiki usiku.

Kesho yake nikakimbilia dukani, kama wengi wetu tunavyofanya. Nikachukua balbu ya wati 35 kwa sababu kitako chake kiliingia. Ikawaka nyekundu kama kipisi cha sigara. Sikuwa nimesoma kwamba imeandikwa volti 12.

Ndipo nikaenda kwa fundi umeme wa mtaani, na binti nikamchukua. Fundi alianza na jambo ambalo sikulijua: taa yetu ya mbele hailishwi na betri. Umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye koili za injini, ndiyo maana ukiachia mafuta inafifia. Tena volti 6 hazina akiba. Balbu ya wati 25 kwenye volti 12 huvuta kama ampea 2. Kwenye volti 6 huvuta zaidi ya 4, na kila kiungo chenye kutu kinakula sehemu yake. Mwanga nao hupungua haraka kuliko volti. Balbu ya volti 6 ikipata 5, inabaki na nusu ya mwanga wake na ushee kidogo.

Binti alishika tester, imewekwa kwenye AC, injini ikiunguruma. Waya unaotoka kwenye injini ulisoma 6.2. Kwenye balbu, 4.7. Kisha ncha moja ikabaki kwenye mwili wa kitako cha balbu, nyingine ikagusa chuma cha injini. Hapo ilitakiwa karibu sifuri, ikasoma 0.9. Waya wa negativu ulikuwa umefungwa juu ya rangi, na rangi hiyo niliipiga mimi mwenyewe mwaka jana ili pikipiki ipendeze. Binti alicheka sana.

Fundi alikwangua rangi kwa msasa, akavuta waya mnene kutoka kwenye kitako cha balbu hadi kwenye injini, akafungua swichi ya usukani na kusafisha vishikizo vilivyokuwa vyeusi. Akafunga balbu ya volti 6 yenye wati zilezile za mwanzo. Tester ikasoma 5.9.

Nilimuuliza kwa nini tusiongeze wati. Akasema koili za zamani hutegemea balbu kushikilia volti. Ukiweka balbu kubwa, taa zote hufifia. Ukiweka ndogo, volti hupanda na balbu huungua mfululizo, hata ya nyuma. Kama kwako zinaungua kila wiki, anzia hapo.

Vijana watakushauri LED. Kwenye umeme huu wa AC nyingi hupepesa au hufa mapema, na ukiichomeka ndani ya taa iliyotengenezwa kwa balbu ya waya, mwanga hutawanyika na kumpiga anayekuja machoni. Kuhamia volti 12 kunawezekana, lakini utabadili koili, rektifaya na regyuleta, betri, honi na balbu zote. Mimi sikuona sababu. Kama kioo cha ndani ya taa kimeshika kutu, hicho kibadilishe kwanza, maana hakuna balbu itakayokiponya.

La mwisho tulilifanya nyumbani jioni, mbele ya ukuta. Nilirekebisha taa binti akiwa amekaa nyuma yangu na begi lake, kwa sababu abiria hushusha nyuma ya pikipiki na mwanga wa mbele hupanda juu. Mama watoto alisimama mlangoni akiangalia duara la mwanga, akaniambia nilishushe kidogo tena. Alhamisi tulikwenda.