Barua ya Bibi Anna

Mwaka 1955, wanangu, bibi mmoja wa Nebraska, katikati ya Marekani, alimwandikia barua msichana wa shule. Bibi huyo aliitwa Anna Pavelka. Alikuwa ameshavuka miaka 80, na mwaka huohuo alifariki. Kiingereza hakikuwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, lakini aliandika vivyo hivyo, akaeleza jinsi baba yake alivyoponzwa na barua.

Baba, mzee Sadilek, alikuwa akiishi Bohemia. Waliokwenda Nebraska kabla yake walimwandikia kwamba huko kuzuri, kuna nyumba za kupendeza na miti tele. Basi mwaka 1880 akafunga virago, akaondoka na mke na watoto. Anna alikuwa na miaka 11. Walipofika, nyumba hawakuziona! Zilikuwa zimechimbwa ndani ya kingo za makorongo. Mpaka ufike mlangoni kabisa ndipo ujue kwamba hapo wanaishi watu. Barabara nayo hakuna, ni alama za magurudumu tu majanini.

Mtaniuliza, Bohemia ndiyo wapi? Leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Zamani hizo Wacheki walitawaliwa na Kaisari wa Austria, na vijijini mashamba yalikuwa madogo. Na huko Marekani, sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka 5. Ekari 160! Hebu fikirieni viwanja vya mpira 90 hivi, vyote vya baba yenu. Nani asingepanda meli?

Ila ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wapawnee walikuwa wakiwinda nyati kwenye nyika hiyo, nao walihamishiwa kusini miaka michache tu kabla ya Anna kufika. Wasimulizi wengi huparuka hapo. Mimi siparuki.

Miti ilikuwa adimu, kwa hiyo asiyechimba korongo alijenga kwa udongo wenye nyasi. Plau ilikata ngozi ya nchi, mizizi ikiwa imeshikamana na udongo, na vipande vikapangwa kama matofali, upande wa majani ukiangalia chini. Wenyewe waliviita kwa utani "marumaru ya Nebraska." Ndani kulikuwa na joto wakati wa theluji na ubaridi wakati wa kiangazi. Shida ilikuwa paa: mvua ikinyesha siku moja nje, ndani hunyesha siku mbili. Nyoka nao walipapenda.

Majira ya baridi ya kwanza hayajaisha, Februari 1881, mzee Sadilek, aliyekuwa mtu wa utani kwao, alishindwa na huzuni akajitoa uhai. Hapo siongezi neno.

Anna alikwenda kufanya kazi za nyumbani mjini Red Cloud, mji mdogo wa reli. Huko alifahamiana na msichana aliyeitwa Willa Cather, aliyehamia sehemu hizo mwaka 1883 akiwa na miaka 9. Willa alikua akawa mwandishi, na mwaka 1918 akatoa riwaya ya My Ántonia, ambayo mhusika wake mkuu, Ántonia, ametokana na Anna. Watu husafiri kutoka mbali kwenda kumtafuta Ántonia. Mimi, nikiambiwa nichague, namchagua Anna, aliyeolewa na Mcheki mwenzake, akazaa watoto wengi na kulima. Nyumba yao ya shambani bado ipo, pamoja na ghala la chini ya ardhi walimohifadhi matunda ya kuwavusha wakati wa theluji.

Lugha ya Kicheki haikudumu hivyo. Wajukuu walisoma Kiingereza, wakaoa kwa majirani, na jina la Václav likageuka James. Kilichokataa kuondoka ni chakula. Wacheki wana mkate mdogo wa mviringo, laini, uliobonyezwa katikati kwa kidole, na ndani ya kibonyeo hicho huwekwa plamu zilizopikwa zikaiva sana, au mbegu nyeusi za mpopi zilizosagwa. Mmoja ni koláč, mingi ni koláče. Wamarekani hawakuridhika na wingi huo, wakaongeza wa kwao juu yake, wakasema kolaches. Ni sawasawa na mtu aseme "maviatu." Ukienda mji wa Wilber, Nebraska, mwezi wa Agosti, wakati wa sherehe ya Wacheki iliyoanza mwaka 1962, utaila hivyohivyo, kosa na utamu wake.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni manyoya. Wacheki wa zamani walilala chini ya mfarishi mnono uliojazwa manyoya ya bata bukini. Kila unyoya ilibidi uchunwe kwa vidole, laini ibaki na kijiti kitupwe. Ilikuwa kazi ya usiku mwingi wa baridi, kwa hiyo majirani wanawake waliketi kuizunguka meza, chungu ya manyoya katikati, na mmoja wao alisimulia hadithi. Sharti lake lilikuwa gumu: kucheka kwa nguvu hakuna, chafya hakuna, na mlango usifunguliwe ghafla. Lakini watoto ni watoto. Mlango ukisukumwa, kazi ya jioni nzima ilipaa darini, na msimulizi alinyamaza, mdomo ameufumba, akingoja manyoya yatue ndipo aendelee.