Kasuku Mzee Haugui Waziwazi

Kasuku wangu mdogo, mmoja wa wale wa kijani ambao asili yao ni Australia, ana miaka 8. Wengi wao huishi kati ya 5 na 10, kwa hiyo ni mzee kabisa. Hapa mtaani kwetu Pasua, jirani akimkuta amejikunyata husema, "Huyo kazeeka tu, dada." Siafiki. Uzee humpunguzia ndege mbio. Haumfanyi avimbishe manyoya mchana kutwa wala mkia wake upande na kushuka kila anapopumua.

Ndege huficha ugonjwa, maana porini mdhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Ndiyo maana naamini mizani kuliko macho. Ana gramu 36. Gramu 3 zikipungua, hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya mwili wake, hata kama bado anadonoa mtama. Pengine anamenya tu bila kumeza. Nampapasa kifuani pia: mfupa wa kidari ukichongoka, amekonda.

Kwa dume mzima kama wangu, ngozi ya samawati puani ikigeuka kahawia, huenda ana uvimbe kwenye korodani.

Juni na Julai, baridi ya mlimani ikishuka, nafunika tundu upande wa upepo. Jiko la mkaa silisogezi karibu. Mapafu yake hayastahimili moshi.

Akianza kupumua mdomo wazi sisubiri kesho. Nampeleka kwa daktari wa mifugo, na kinyesi cha asubuhi kwenye karatasi nyeupe.