Umri Huhesabiwa, Hauhifadhiwi

Katika kadi ya kliniki, tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto huandikwa mara moja tu wala haibadiliki. Bali umri wake hubadilika kila siku. Tofauti hii ndogo ina maana kubwa katika utengenezaji wa programu za kompyuta.

Chukua mfano wa zahanati katika vilima vya Manyovu, wilayani Buhigwe, karibu na mpaka wa Burundi. Nchini Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, na tena atimizapo miezi 18. Zahanati ikiwa na daftari la kompyuta, simu ya muuguzi huiuliza kompyuta kuu habari za mtoto, nayo hujibu kwa JSON, yaani maandishi ambamo kila jina hufuatwa na thamani yake:

{"tarehe_ya_kuzaliwa": "2024-03-12", "umri_miezi": 8}

Je, hiyo 8 itoke wapi? Ikiwa imehifadhiwa, mwezi ujao itakuwa uongo, na mtoto hataonekana katika orodha ya wanaostahili chanjo. Ikiachwa nje ya jawabu, kila programu itajihesabia kwa namna yake. Moja itafuata miezi ya kalenda. Nyingine itagawanya siku kwa 30. Mtoto huyu alitimiza miezi 9 tarehe 12 Desemba 2024, siku ya 275. Kwa kugawanya kwa 30, angehesabiwa ametimiza tangu tarehe 7. Kufikia miezi 18, hitilafu huwa siku 9. Orodha mbili zisipopatana, mama aliyepanda mlima na mtoto mgongoni huambiwa arudi siku nyingine.

Njia iliyo bora ni kuhifadhi tarehe peke yake, na kuweka kanuni moja ya hesabu pale jawabu linapotungwa. Katika lugha ya Python, maktaba ya Pydantic, tangu toleo la 2 la mwaka 2023, huwezesha jambo hilo hivi:

@computed_field
@property
def umri_miezi(self) -> int:
    leo = datetime.now(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")).date()
    k = self.tarehe_ya_kuzaliwa
    return (leo.year - k.year) * 12 + leo.month - k.month - (leo.day < k.day)

Sehemu ya mwisho hupunguza mwezi mmoja ikiwa siku ya kuzaliwa haijafika katika mwezi huu. Alama ya @property peke yake haitoshi: umri ungehesabika ndani ya programu, lakini usingeingia katika JSON. Alama ya @computed_field ndiyo inayouingiza.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, kompyuta nyingi za huduma hufuata saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa 3. Kwa hiyo, tangu saa sita hadi saa tisa usiku, kompyuta hiyo ingali katika tarehe ya jana, na orodha inayotayarishwa wakati huo yaweza kumwacha mtoto aliyetimiza umri siku hiyo. Ndiyo sababu kanuni imetaja Dar es Salaam. Pili, @cached_property isitumiwe hapa mahali pa @property, kwa kuwa hiyo huhesabu mara moja na kulishika jawabu. Umri ungeganda tena.

Kabla ya kutumiwa, kanuni yafaa ijaribiwe kwa tarehe ngumu, kama vile 29 Februari na 31 Mei, ambazo hazipatikani katika kila mwaka au kila mwezi.