Je, Wajua? Mswada Uliokataliwa Si Lazima Uwe Mbovu

Je, wajua kwamba Shamba la Wanyama, kitabu ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1967, kiligonga mwamba kwa wachapishaji kadhaa kabla ya kutoka? Mwaka 1944 mwandishi wake, George Orwell, alikataliwa na Victor Gollancz, kisha Jonathan Cape, kisha Faber and Faber. Barua ya Faber iliandikwa na T. S. Eliot, mshairi aliyepata Tuzo ya Nobel miaka minne baadaye, na ndani yake aliusifu uandishi wenyewe. Kikwazo kikubwa kilikuwa siasa: hadithi ilimdhihaki Stalin wakati Urusi ya Kisovieti ilikuwa mshirika wa Uingereza vitani. Secker and Warburg waliichapisha Agosti 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha.

Atakayepinga atasema miswada mingi hukataliwa kwa sababu ni mibovu kweli, na kwamba Orwell tayari alikuwa na jina. Ni kweli. Lakini hoja hiyo haimwambii mwandishi chipukizi akate tamaa. Inamwambia aisome sababu. Wahariri wawili watatu, kila mmoja kivyake, wakitaja udhaifu uleule wa msuko au wahusika, rudi mezani uandike upya. Sababu ikiwa ni soko, wakati au sera ya kampuni, peleka mswada kwingine. Na barua isiyotaja sababu yoyote haijahukumu kipaji chako; usiipe uzito isiokuwa nao.