Finje ya Unga, Chumvi na Kiberiti

Niliiona Jumatatu moja asubuhi, konda wa mat za Kanairo akiweka doo za jana. Mi hushinda kwa kiosk ya M-Pesa hapa Masaku, karibu na stage, na mboka yangu ni kuhesabu noti za watu mpaka vidole zinakuwa nyeusi. Hii noti ilikuwa finje, yaani hamsini. Kando ya picha ya KICC mtu alikuwa amechora na biro: "unga 2, chumvi, kiberiti." Nikacheka pekee yangu. Finje hainunui hata pakiti moja ya unga, sembuse mbili na kiberiti juu. Nikafungua daftari ya floti, ukurasa wa nyuma, nikaandika namba yake. Sina sababu. Wiki tatu baadaye ikarudi, imeletwa na mathe wa muthokoi.

Hapo ndio huu ugonjwa ulinishika.

Saa hii niko daftari ya pili. Noti yoyote imeandikwa kitu, naidunga ndani: namba, siku, nani ameleta, inanuka nini. Usicheke. Noti imetoka kwa omena hata uifiche katikati ya bunda utaijua. Nimepata namba za simu bila jina, "nisamehe Mutheu", na hesabu ya msee akigawa 1,350 kwa watu wanne. Lakini uchafu mwingi ni wetu sisi wenyewe wa M-Pesa: unafunga bunda na raba bendi, unaandika jumla kwa noti ya juu. Na tunajua ni ngori, juu sheria ya jinai inasema kuharibu noti makusudi ni kosa. Ndio maana mi siweki alama yangu. Nasoma tu za wengine.

Wamarekani nao hufuata noti zao. Hank Eskin alianzisha tovuti ya Where's George? mwisho wa 1998: unagonga dola muhuri, unaingiza namba yake kwa intaneti, atakayeipata anasema imefika wapi. Mchezo tu. Lakini 2006 Dirk Brockmann na wenzake walichukua safari za dola 464,670 kutoka huko, wakatoa utafiti kwa jarida la Nature kuhusu vile watu husafiri, ndio wajue vile magonjwa husambaa. Inaingia akilini. Homa na noti hupanda mat moja.

Yangu si sayansi, ni umbea wa namba. Lakini kuna kitu imenionyesha. Finje na soo, yaani mia, ni watoto wa mtaa. Zinazunguka stage, Marikiti, boda, kibandaski, zinarudi kwangu zimezeeka kidogo. Rwabe, yaani mia mbili, ni nauli, inapanda Kanairo, siku ingine inashuka. Jirongo, yaani mia tano, ile ilibandikwa jina la msee wa kikundi cha kampeni cha YK'92 tangu siasa za 1992, hiyo naionanga mara moja moja. Na tenga, yaani elfu moja? Nimeandika nyingi kuliko zote, na imerudi moja. Unajua Kituluni, pale kwetu maji inaonekana ikipanda mlima na watu wanakuja kumwaga chupa barabarani waone? Tenga za Masaku ni hivyo. Zinapanda tu.

Hata serikali tenga zilishawahi kuihepa. Tarehe 1 Juni 2019, Madaraka Dei huko Narok, noti mpya zikazinduliwa, na tenga za zamani zikapewa hadi mwisho wa Septemba. Zilikuwa nje karibu milioni 217. Siku zilipoisha, Benki Kuu ikahesabu: 7,386,000 hazikurudi. Hiyo ni zaidi ya bilioni saba, zimebaki karatasi ya kufungia njugu. Mi hujiuliza ni ngapi ziko chini ya godoro la shosho fulani hapa Mwala, na ngapi ziko kwa masonko waliogopa kuulizwa zimetoka wapi.

Alama za ukweli ni za EACC, wale wa kupambana na ufisadi. Wakimtegea mtu wa hongo, wananakili namba za kila noti kwanza, halafu wanapaka poda ya APQ, ile huwezi kuiona na macho. Akishika tu, imeisha. Wanapangusa mikono yake, wanalinganisha namba, na zile karatasi zinakuwa shahidi kortini. Konda mmoja nilimwambia hiyo stori akanyamaza kwanza, halafu akauliza kama poda inatoka na sabuni.

Finje yangu imepita hapa mara nne sasa. Mara ya mwisho ilikuwa na selotepu kwa kona, na "chumvi" ilikuwa imefutika. Nilijua inakaribia kupelekwa benki, na benki noti imechakaa haitoki tena, inarudishwa Benki Kuu kuharibiwa. Nikafikiria kuiweka kwa daftari. Nikaishika hivi, dakika kama mbili, laini imejipanga mpaka nje.

"Mwana wakwa, unanipea chenji ama unaomba?"

Ilikuwa mathe anaenda Kitui, amebeba kuku kwa kikapu. Nikampea. Akaiangalia upande moja, akaigeuza, akasoma.

"Na huyu alinunua hiyo unga wapi?"

Akaikunja mara nne, akaifunga kwa leso, akaenda kutafuta gari.